Mabaka ya jua kwenye ngozi: yanayosemwa Mombasa na yaliyo kweli

Mombasa iko digrii 4 tu kusini mwa ikweta. Mwezi wa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini hasa, na miezi iliyobaki haliendi mbali. Kwa mwenye ngozi yenye rangi haba, miale ya urujuanimno hupenya na kuharibu vinasaba vya seli za tabaka la juu. Madhara hayo hulimbikizana mwaka baada ya mwaka, mpaka yatokee mabaka madogo makavu yaitwayo keratosisi ya jua. Mabaka haya bado si saratani. Ni hatua iliyo kabla yake, na hapo ndipo tiba huwa nyepesi. Inauma kuona mtu akifika hospitali na kidonda cha kufanyiwa upasuaji mkubwa wakati zamani kilikuwa baka la kutibiwa kwa dakika chache. Mara nyingi kilichomchelewesha ni maneno aliyoyasikia mtaani.

“Ni ukavu wa ngozi tu, paka mafuta”

Ngozi kavu ikipakwa mafuta hulainika na kubaki laini. Baka la jua hulainika kwa saa chache, kisha hurudi palepale. Ukilikwangua kwa ukucha hutoka damu kidogo, hufanya kigaga, halafu gamba huota tena. Kwa kawaida hulihisi kwa kidole kabla hujaliona kwa macho: hukwaruza kama msasa. Baada ya kuoga, pitisha ncha ya kidole taratibu kwenye paji la uso, pua, mashavu, ncha za masikio, shingo nyuma, mikono kuanzia kiwiko hadi migongo ya viganja, na utosini kwa mwenye upara. Mdomo wa chini nao usiusahau. Ukiwa mkavu siku zote, umepauka, unapasuka na mstari wake wa ukingo umefifia, huenda ni baka lilelile likiwa mahali pabaya zaidi, kwa kuwa saratani ya mdomo na ya sikio huwahi kusambaa kuliko ya sehemu nyingine za ngozi.

“Hayo ni maradhi ya wazungu”

Ni kweli kwamba kwa mtu mweusi mabaka haya ni nadra. Vile vidoadoa vyeusi vilivyochomoza mashavuni na kuzunguka macho, ambavyo watu wengi hurithi kutoka kwa wazazi, si haya, na havina hatari. Mwenye ngozi nyeusi aangalie kovu la zamani la moto au kidonda cha mguuni kisichofunga, maana hapo ndipo saratani ya namna hii humwanzia.

Walio hatarini hapa Pwani ni wengine. Wa kwanza ni watu wenye ualbino, ambao baadhi yao hupata mabaka haya kabla ya kutimiza miaka 20. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya 9,729 wenye ualbino. Wapo pia watu weupe wanaofanya kazi juani, wavuvi na wauza bidhaa ufuoni wakiwemo, na wageni wazee waliohamia Nyali au Mtwapa. Aliyepandikizwa figo naye yumo, kwa sababu dawa anazomeza ili mwili usikatae figo hupunguza pia uwezo wa mwili kuziondoa seli zilizoharibika. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI nao wapimwe ngozi.

“Litaondoka lenyewe” na “hiyo tayari ni kansa”

Kauli hizi mbili hupingana, na zote zina chembe ya ukweli. Baadhi ya mabaka hutoweka bila dawa, mengine hurudi, mengine hubaki vilevile miaka mingi, na machache hugeuka kuwa saratani. Tatizo ni kwamba hakuna anayeweza kulitazama baka moja na kusema hili litageuka na lile halitageuka. Ndiyo sababu madaktari huyatibu, hasa yakiwa mengi.

Zipo dalili ambazo hazisubiri krimu: baka limekuwa nene na gumu chini, limekua ndani ya wiki chache, linauma ukiligusa, linatoa damu lenyewe, au limekuwa kidonda kisichopona kwa mwezi mzima. Hapo daktari hupiga ganzi, hukata kipande kidogo na kukipeleka maabara. Kugandisha au kupaka krimu juu ya kitu cha namna hiyo bila kipimo ni hatari: juu huonekana pamepona, chini ugonjwa unaendelea.

“Likishagandishwa mara moja, kazi imekwisha”

Kugandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, hufaa kwa mabaka machache yanayojitenga. Daktari hupulizia kila baka kwa sekunde chache, na lililo nene hulipulizia kwa muda mrefu zaidi. Huwasha na kuuma kama kuungua, baadaye huvimba, na mara nyingi hutokea lengelenge. Usilitoboe. Osha kwa maji na sabuni, paka mafuta mazito ya mgando, acha kigaga kidondoke chenyewe; usoni huchukua wiki moja hadi mbili, mikononi na miguuni zaidi. Likirudi mahali palepale, mara nyingi ni kwa sababu muda wa kugandisha ulikuwa mfupi mno au gamba nene halikupunguzwa kwanza. Kwa ngozi ya maji ya kunde panaweza kubaki doa jeupe la kudumu, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hilo mapema. Baka nene sana huweza kukwanguliwa kwa kifaa chenye makali baada ya ganzi.

Lakini baka unaloliona ni sehemu tu. Ngozi inayolizunguka imepigwa na jua lilelile, na ina seli mbovu ambazo bado hazijajitokeza. Mwenye mabaka kumi kwenye paji la uso akigandishwa kumi, baada ya miezi huota mengine pembeni. Kwake yeye hutibiwa eneo zima, na hapo ndipo krimu zinapoingia.

“Hiyo krimu iliniharibu uso, nikaiacha”

Hii ndiyo dhana inayowapotezea watu tiba nzuri kuliko zote. Krimu inayozungumzwa ni florourasili ya asilimia 5. Huzuia seli zinazogawanyika ovyo kutengeneza vinasaba vipya, kwa hiyo ngozi yenye afya haiguswi sana na ile mbovu huwaka. Mwendo wa tiba hiyo ni huu: siku chache za kwanza huoni kitu, mwisho wa wiki ya kwanza eneo huwa jekundu, wiki ya pili na ya tatu huwasha, huchubuka na kufanya vigaga, na mabaka ambayo hukujua unayo hujitokeza. Uso hutisha kweli. Anayeacha siku ya nane kwa sababu uso “umeharibika” ameumia bure, maana ameacha dawa ilipoanza kufanya kazi.

Kwa kawaida hupakwa mara 2 kwa siku kwa wiki 3 hadi 4, na daktari ndiye anayepanga mwisho. Osha uso, kausha, subiri kama dakika 10. Paka safu nyembamba kwa glavu, kisha nawa mikono vizuri. Kupaka nyingi hakuongezi uponyaji, huongeza vidonda. Usifike kwenye kope, ndani ya pua wala pembe za mdomo, kwani dawa hujikusanya kwenye mikunjo na kuchoma. Mjamzito na anayenyonyesha wasiitumie. Bomba lisiachwe ndani ya gari juani. Na jambo moja ambalo nyumba nyingi za Mji wa Kale zinapaswa kulijua: dawa hii ni sumu kwa paka na mbwa, hata ikilambwa kidogo. Paka asilale kwenye mto wako wakati wa tiba, na pamba au glavu uliyotumia itupwe kwenye pipa lenye kifuniko.

Ukiacha dawa, ngozi hupona ndani ya wiki 2 hadi 4. Vigaga vikiwa na usaha, homa ikiwapo au uvimbe ukifunga macho, rudi kliniki siku hiyo hiyo, usisubiri. Kama baka halina dalili za hatari, kuanza katika miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, kuna nafuu kuliko kaskazi, maana ngozi iliyo katika tiba hii hailipendi jua hata kidogo. Arusi ya familia pia ihesabiwe: weka nafasi ya takriban wiki 8 tangu kuanza hadi sherehe.

Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2019 uliwalinganisha wagonjwa zaidi ya 600 wenye mabaka mengi kichwani, kwa tiba 4 tofauti. Mwaka mmoja baada ya tiba, florourasili iliongoza: takriban wagonjwa 75 kati ya 100 walibaki wamepungukiwa na robo tatu au zaidi ya mabaka yao. Imikwimodi, krimu inayoamsha kinga ya mwili dhidi ya seli mbovu, ilifuata kwa takriban 54. Tiba ya mwanga, ambapo krimu maalumu hupakwa kisha eneo kumulikwa, ilipata 38 hivi. Ya nne, ingenoli, iliondolewa kwenye soko la Ulaya mwaka 2020 kwa wasiwasi wa saratani ya ngozi; mtu akikuletea kutoka nje, usiipake.

“Hata jeli ya diklofenaki ya dukani inatibu”

Inayotibu mabaka ni ya asilimia 3, iliyochanganywa na asidi ya hayaluroniki, na hupakwa mara 2 kwa siku kwa siku 60 hadi 90. Ile ya maumivu ya viungo huwa ya asilimia 1 na haikutengenezwa kwa kazi hii.

“Manjano, ndimu, au krimu ya kung’arisha”

Liwa na manjano ni urembo, viendelee kuwa urembo. Ndimu ni hatari: maji yake yakibaki kwenye ngozi kisha ukatoka juani, huchoma na kuacha madoa. Krimu zenye steroidi kali ndizo zinazotutia hofu zaidi, kwa kuwa huondoa wekundu, mtu akaamini amepona, kumbe ngozi imekonda na baka limejificha.

“Nina losheni na kofia, inatosha”

Kofia ya kiua huacha masikio, pua na shingo. Kapelo huacha masikio. Kofia ya ukili yenye ukingo mpana inafaa, ila ichague iliyosukwa kwa kubana. Ukiiinua dhidi ya mwanga na kuona matundu, miale nayo inayaona. Fulana nyepesi iliyolowa maji hupitisha miale zaidi kuliko ikiwa kavu. Mawingu mepesi hayazuii mengi, na mchanga mkavu wa ufuoni hurudisha juu karibu asilimia 15 ya miale, hivyo mwavuli peke yake hautoshi.

Losheni iwe ya kinga (SPF) 30 au zaidi, kijiko kimoja cha chai kwa uso, shingo na masikio, na kimoja kwa kila mkono, irudiwe kila baada ya saa 2 ukiwa nje. Kwa kipimo hicho, hata ukipaka mara 2 tu kwa siku, chupa ya mililita 100 haimalizi siku ya nne. Ndiyo maana nguo ndefu huja kwanza, na losheni huwekwa mahali nguo isipofika. Watu wenye ualbino waliosajiliwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu hupewa losheni bila malipo kupitia hospitali za umma. Aliye Likoni au Changamwe na hajasajiliwa aanze na hilo. Kazi za nje, ikiwezekana, zifanywe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni.

Na mwenye kusema amechelewa, losheni ina kazi gani sasa: utafiti uliofanywa Nambour, Australia, kuanzia mwaka 1992 ulionyesha kwamba watu wazima waliopakwa kila siku kwa zaidi ya miaka 4 walipata saratani ya seli bapa, ile ambayo mabaka haya huweza kugeuka kuwa, kwa kiwango kilichopungua kwa takriban asilimia 40. Aliyewahi kuwa na mabaka arudi kukaguliwa kila baada ya miezi 6 hadi 12, na aliyepandikizwa figo arudi mapema zaidi.