Anasema "marahaba", anashindwa "maji"

Mzee kapata kiharusi, maneno yamempotea, na kauli ya nyumbani ni ile ile, iwe Newala, Masasi au Kilwa: "Huyu mzee anaweza kusema, ni ukaidi tu." Na ushahidi huwa umeshaandaliwa. Mjukuu kamwamkia shikamoo, mzee kajibu marahaba, safi kabisa. Wakati wa swala kasoma Fatiha mpaka mwisho. Mbuzi kavamia korosho zilizoanikwa, katoa tusi lililosikika mpaka nyumba ya tatu. Lakini akiulizwa anataka nini, anabaki "ile… ile…". Basi familia inatoa hukumu kwamba anajifanya, na nyuma ya hukumu inakuja adhabu: kikombe kinashikiliwa mbali, "sema maji, usiposema hupati".

Acheni. Hakuna kosa la nyumbani linaloharibu tiba ya usemi kama hili, na ndilo linalotetewa kwa nguvu kuliko yote.

Marahaba, Fatiha, moja mpaka kumi, siku za wiki, matusi: hayo yamekaririwa kwa miaka na hutoka kwa mkupuo. Msemaji hayajengi upya. Salamu au hasira ikiyachokoza yanafyatuka yenyewe. Kusema "maji" kwa sababu una kiu ni kazi nyingine. Inabidi neno lichaguliwe kati ya maelfu, sauti zake zipangwe, kisha zipelekwe kinywani. Kwa watu wengi kazi hiyo inafanywa na upande wa kushoto wa ubongo, ndiyo maana afasia, yaani kupotewa na maneno baada ya ubongo kuumia, mara nyingi huja pamoja na kupooza mkono na mguu wa kulia. Maneno ya mkupuo yana tegemeo sehemu nyingine pia, ukiwemo upande wa kulia, kwa hiyo hunusurika. Wala si ugunduzi wa jana. Mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Paris alieleza habari za mgonjwa ambaye kwa zaidi ya miaka 20 alibaki na silabi moja tu, "tan". Akikasirishwa, tusi lilimtoka.

Anayebisha afanye jaribio dogo. Mzee akishahesabu vizuri moja mpaka kumi, mwombe aseme "saba" peke yake. Wengi hukwama, au huanza tena moja, mbili, tatu kwa kunong'ona mpaka wakutane na saba njiani. Mkaidi asingehangaika hivyo.

Na kumnyima kunaleta nini? Mtu akibanwa, neno hujificha zaidi. Linatoka lisilo lake, analisikia, anajua amekosea, anapandisha hasira. Kila kosa likirudiwa linazidi kuzoeleka. Baada ya wiki mbili haombi tena, anakaa na kiu yake, na mgonjwa wa kiharusi aliyekaukiwa maji ni kesi nyingine kabisa.

Mpe maji kwanza. Mazoezi yana saa yake: dakika 20 asubuhi na 20 alasiri, siku 5 kwa wiki, redio imezimwa, watu wawili tu. Anza na maneno 10 ya maisha yake: maji, choo, dawa, panga, gunia, jina la mke, jina la kitinda mimba. Achana na picha za tembo na twiga za vitabu vya chekechea; mtu aliyepalilia mikorosho miaka 40 hana shughuli na twiga. Mwekee kitu chenyewe mkononi, uliza "hii nini?", kisha nyamaza na uhesabu mpaka kumi moyoni. Hapo ndipo wasaidizi wengi wanaposhindwa, kwani hata tatu hawafiki. Asipopata, muulize kinafanya kazi gani, ajibu hata kwa mkono. Bado? Mpe sentensi aimalizie: "Nina kiu, nipe…". Bado? Mpe mwanzo wa neno. Ikishindikana kabisa, litamke, mseme pamoja mara tatu, kisha pitia maneno mengine mawili na ulirudie. Akianza kuita kila kitu panga, gunia panga, dawa panga, amechoka. Simamisha.

Hapo kwenye mwanzo wa neno Kiswahili kina mtego. Miongozo iliyoandikwa kwa Kiingereza inasema mpe mgonjwa sauti ya kwanza. Kwetu sauti ya kwanza mara nyingi ni kiambishi. Ukimwambia "ki…" umemwagia kijiko, kikombe, kisu, kiti na kitanda kwa pamoja. Mpe silabi mbili: "kiji…", "kiko…", "kita…". Kwa neno fupi kama kisu, rudi kwenye sentensi ya kumalizia.

"Ulimi umekuwa mzito." Hii nayo ni kauli ya nyumbani, pamoja na asali, ndimu na chumvi zake, na wale wanaokimbilia kukata kimeo. Kwenye afasia ulimi hauna kosa. Mpe kalamu mkono wa kushoto: neno lililogoma kusemwa mara nyingi litagoma kuandikwa pia, na wino hauna ulimi. Ulimi mzito wa kweli upo, unaitwa disathria. Huyo maneno yake ni sahihi na yamepangika, ila yanatoka yakiteleza kama ya mlevi, na akiandika anaandika vizuri. Wapo wenye vyote viwili. Asali inayopakwa nyuma ya ulimi wa mtu ambaye kumeza kwake hakujapimwa inaweza kuteremkia kwenye mapafu ikamletea nimonia. Vivyo hivyo uji anaonyweshwa akiwa amelala. Akae wima, vijiko vidogo, na akikohoa au sauti ikawa ya majimaji baada ya kumeza, acha na umrudishe hospitali.

"Akili zimemruka." Hapana. Mpeni bao mcheze. Wengine wenye afasia bado watawafunga.

Kinyume chake ni "anaelewa kila kitu, kusema tu ndiyo hawezi". Kuna wanaoelewa karibu yote, ila msilitangaze kabla ya kupima. Ukimwambia "kula" huku sahani iko mbele na mkono wako unaielekeza, alichokielewa ni sahani. Tuliza mikono, mtazame usoni, sema "gusa sikio". Akiweza, ongeza: "nipe kijiko, kisha fumba macho". Ndiyo na hapana navyo hupishana, anatikisa kichwa kukataa huku akitaka. Muulize maswali 10 ambayo majibu yake mnayajua, matano ya ndiyo na matano ya hapana, yakiwa yamechanganywa: "Hapa ni Nachingwea? Wewe jina lako ni fulani?" Akipata 9 au 10, mwaminini. Akipata 5 au 6 anabahatisha, na mkataba wa shamba usimpelekee atie dole gumba.

"Kwanza mguu, maneno baadaye." Kwa nini kimoja kisubiri? Tiba ya mguu na ya maneno huenda pamoja, na miezi 3 ya kwanza ndiyo ubongo unapona kwa kasi zaidi. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache nchini na wengi wako Dar es Salaam, hilo linaeleweka, lakini maneno 10 na dakika 20 hazihitaji nauli ya basi.

"Imepita miezi sita, ndiyo basi." Kasi hupungua baada ya hapo. Maendeleo yanaendelea kwa miaka, kwa anayefanya mazoezi.

"Mwimbisheni, akiimba amepona." Wimbo wa zamani unatoka kwa mkupuo kama Fatiha. Unamchangamsha, na hiyo ni heri, ila hauleti neno jipya. Kinachoweza kusaidia ni kuichukua sentensi anayoihitaji na kuitia mahadhi mepesi, mkono wake wa kushoto ukigonga meza kwa kila silabi: na-ta-ka-ma-ji, mapigo matano, polepole, kisha mahadhi yapunguzwe siku hadi siku mpaka ibaki sauti ya kawaida.

"Tumekatazana Kimakonde, kitamchanganya." Sawa na Kimwera, Kiyao au Kimakua. Kwa mtu wa lugha mbili kwa kawaida zote huguswa, na wakati mwingine moja hutangulia kurudi. Huwezi kuikisia kwa kuifungia nje. Ongeeni naye lugha ya nyumba yake, na kama neno limekuja kwa Kimakonde, limekuja. Mtaalamu asiyeijua lugha hiyo amwombe mjukuu amwandikie yale maneno 10, ila ahakikishe kwanza mjukuu mwenyewe anakijua, maana vijana wa mjini siku hizi wengine wanakisikia tu, kukisema wanamsubiri huyo huyo babu.