Seva ya hifadhidata ikigoma, soma logi kabla ya kugusa kitu

Umeme umekatika mjini Mbale, Uganda, jenereta imechelewa kuwaka, betri ya UPS imeisha. Umeme unaporudi, programu ya SACCO haifunguki na wanachama wamejaa kaunta wakitaka akiba zao. Hapo ndipo fundi mwenye haraka huleta hasara kuliko umeme wenyewe. Hitilafu nyingi za seva ya hifadhidata zina dawa. Zinazokosa dawa mara nyingi huzaliwa katika dakika 10 za kwanza, mtu anapofuta faili asizozijua, anapoua mchakato kwa `kill -9`, au anapozima na kuwasha mashine mara 3 mfululizo.

Nitaeleza zaidi programu ya hifadhidata ya PostgreSQL 16 kwenye Ubuntu (aina ya Linux), na mwenzake MySQL pale inapotofautiana.

Anza na logi, yaani faili ambamo seva huandika matukio yake. Za PostgreSQL ziko `/var/log/postgresql/`, za MySQL ziko `/var/log/mysql/error.log`. Soma mistari 100 ya mwisho kwa `sudo tail -n 100`. Jihadhari na jambo moja linalowapotosha wengi: kwenye Ubuntu, `systemctl status postgresql` inaweza kukuonyesha `active (exited)` hata kama hifadhidata imelala, kwa sababu huduma hiyo ni mwavuli tu. Ukweli uko kwenye `pg_lsclusters`: ukiona `online`, iko hai, ukiona `down`, imezimika.

Baada ya umeme kukatika, mstari utakaouona mara nyingi ni `database system was not properly shut down; automatic recovery in progress`. Huo si ugonjwa, ni tiba inaendelea. Seva inasoma kumbukumbu za mabadiliko, yaani WAL, kuanzia kituo cha ukaguzi (checkpoint) cha mwisho, pale ilipohifadhi data yote mara ya mwisho, na kuyarudia yote ambayo hayakuwahi kufika kwenye faili za data. Ukiizima katikati, itaanza tena kutoka kituo kilekile. Iache imalize. Kwa mipangilio ya kawaida, ambapo `max_wal_size` ni GB 1, kazi hii huchukua sekunde au dakika chache, ingawa diski ya zamani ya kuzunguka huchelewa zaidi.

Ikishindwa kabisa kuwaka, hatua ya kwanza ni nakala ya folda nzima ya data, huduma ikiwa imezimwa: `sudo cp -a /var/lib/postgresql/16/main /mnt/nje/`. Baada ya hapo ndipo ujaribu chochote. `pg_resetwal` huiwasha seva kwa kuitupa WAL inayohitajika kuweka salio sawa. Ukiitumia kwenye nakala pekee uliyo nayo, huna pa kurudi. Kwa MySQL, `innodb_force_recovery`, mpangilio wa kuiwasha seva kwa nguvu, ina ngazi 1 hadi 6. Panda ngazi moja moja, na ukishafunguliwa mlango toa data kwa `mysqldump`, kisha ijenge upya. Kuanzia ngazi ya 4, faili zenyewe zinaweza kuharibika moja kwa moja.

UPS isiyounganishwa na seva kwa waya wa USB inakuchelewesha tu. Weka programu ya NUT (`sudo apt install nut`) ili `upsmon` iizime mashine kwa utaratibu betri inapokaribia kuisha. Betri za asidi huchoka ndani ya miaka michache, na chumba chenye joto huziua mapema zaidi. Kagua pia kwamba `fsync` na `full_page_writes`, zinazolinda uandishi kwenye diski, ziko `on`, na kwa MySQL `innodb_flush_log_at_trx_commit` ni 1. Kuna watu huzizima ili mfumo ukimbie. Pale ambapo umeme hukatika bila taarifa, kasi hiyo hulipiwa kwa data.

Tuje kwenye diski kujaa, maana hapa ndipo mkono wa fundi huponza zaidi. Ujumbe ni `No space left on device`. Tazama `df -h`, kisha `df -i`, kwa kuwa nafasi inaweza kuwepo huku idadi ya faili imefika kikomo. Tafuta mlaji kwa `sudo du -xh --max-depth=2 /var | sort -h | tail`. Ukikuta folda ya WAL, `pg_wal`, imevimba, tafadhali usifute kilichomo. Folda hiyo haina takataka. Ndiyo inayosomwa umeme unaporudi. Uliza kwanza kwa nini faili zake, kila moja MB 16, hazijiondoi. Sababu huwa mbili. Ya kwanza ni `archive_command`, amri ya kunakili WAL mahali pengine, inayoshindwa, labda kwa kuwa diski ya nje imechomolewa: tazama `failed_count` kwenye `pg_stat_archiver`. Ya pili ni tiketi (replication slot) ya seva pacha, yaani seva ya pili inayonakili data ya kwanza, iliyoachwa baada ya pacha mwenyewe kuondolewa:

`SELECT slot_name, active, restart_lsn FROM pg_replication_slots;`

Ikiwa `active` ni `f` na una hakika pacha huyo hatarudi, iondoe kwa `SELECT pg_drop_replication_slot('jina');` na faili za WAL zitapungua baada ya kituo cha ukaguzi kinachofuata. Kuanzia toleo la 13 unaweza kuweka ukomo kwa `max_slot_wal_keep_size`. MySQL nayo hutunza logi zake za baineri, yaani rekodi za mabadiliko, kwa siku 30 isipoelezwa vingine. Zipunguze kwa `PURGE BINARY LOGS BEFORE NOW() - INTERVAL 7 DAY;`, si kwa `rm`.

Ili kupata nafasi ya kupumulia haraka, `sudo apt clean` na `sudo journalctl --vacuum-size=200M` hazina madhara. Mimi hupenda kuweka faili la akiba mapema, `fallocate -l 2G`, kwenye diski ileile lakini nje ya folda ya data. Siku ya shida unalifuta na seva inawaka. Usitegemee `DELETE`: nafasi iliyofutwa hubaki ndani ya jedwali. `VACUUM FULL` huirudisha, lakini huandika jedwali jipya kando kabla ya kuliacha la zamani, na hulifunga kwa kila mtu. Kwenye diski iliyojaa itashindwa.

Miunganisho. Wiki ya kufungua shule, wazazi wanapolipa ada kwa simu kwa wakati mmoja, ndipo `sorry, too many clients already` hutokea. PostgreSQL huanza na kikomo cha 100, MySQL 151. Wengi hukimbilia kupandisha hadi 1000. Kila muunganisho wa PostgreSQL ni mchakato wenye RAM yake, kwa hiyo kwenye mashine ya GB 8 utakuwa umebadilisha tatizo moja kwa jingine: kiini cha Linux kitaua mchakato kuokoa RAM, na `dmesg | grep -i "killed process"` itakuthibitishia. Weka PgBouncer mbele, programu inayowagawia wengi miunganisho michache, mlango (port) 6432, kisha tafuta wanaokalia viti bure:

`SELECT pid, state, xact_start, pg_blocking_pids(pid), left(query, 60) FROM pg_stat_activity WHERE datname IS NOT NULL ORDER BY xact_start;`

Mwenye `idle in transaction` kwa dakika 20 amefungua muamala akausahau. Anashikilia kufuli, wengine wanamsubiri, na usafishaji wa majedwali umekwama nyuma yake. Mwondoe kwa `SELECT pg_terminate_backend(pid);`, ukiweka namba yake. `kill -9` kwa mchakato mmoja huilazimisha seva kuwakata wote na kuanza kujitibu upya. Halafu weka `idle_in_transaction_session_timeout = '5min'`, na mweleze mwandishi wa programu ni wapi amesahau `COMMIT`, amri ya kufunga muamala.

Kuhusu mwendo wa polepole, kabla ya kununua RAM endesha `EXPLAIN ANALYZE` kwenye ulizo linalochelewa. Ikionyesha `Seq Scan` ikipitia jedwali kubwa ili kupata safu chache, faharasa (index) inakosekana. Kumbuka amri hiyo hulitekeleza ulizo kweli, hivyo `UPDATE` iweke kati ya `BEGIN` na `ROLLBACK`.

Mwisho, nakala za akiba. `pg_dump -Fc` ya kila usiku haibebi watumiaji wala nywila zao. Ongeza `pg_dumpall --globals-only`, la sivyo utarejesha data isiyo na wa kuifungua. Kila mwezi irejeshe kwenye mashine nyingine: `createdb jaribio`, kisha `pg_restore -d jaribio nakala.dump`, na linganisha idadi ya wanachama na jumla ya salio dhidi ya ripoti ya siku ile. Hiyo ni data halisi ya watu, na Uganda ina sheria ya ulinzi wa data binafsi tangu 2019. Ukishalinganisha, `dropdb jaribio` siku hiyohiyo, na faili la nakala ulitoe kwenye mashine hiyo.