Jumuiya ya kujifunza si grupu la WhatsApp

"Mjomba, nimeshajiunga na jumuiya ya kujifunza," mpwa wangu aliniambia wiki ya pili tu tangu aanze chuo hapa Kampala, akaninyooshea simu nione. Nikaona grupu la WhatsApp lenye watu 212, picha za noti zilizopigwa mshazari, mtihani wa zamani uliokatika nusu ukurasa, na mtu anauliza nani kachukua chaja yake maktaba. Wiki hiyohiyo mwenye hosteli mmoja wa Kikoni alikuwa akimsifia mzazi nyumba yake kwa maneno hayohayo. Kumbe jumuiya yake ni intaneti ya bure na jenereta.

Maana yenyewe ya jumuiya ya kujifunza ni fupi. Ni kundi dogo la wanafunzi, mara nyingi wa mwaka wa kwanza, wanaopangiwa kwa makusudi kusoma masomo mawili au matatu pamoja, na walimu wa masomo hayo hukaa chini wakayaunganisha, yaani mada moja na kazi zinazoitana. Pengine hulala bweni moja, lakini bweni ni nyongeza tu.

Ila neno "jumuiya" ndilo linaloteswa. Wapo wanaosema limetokana na "jumla", eti kwa kuwa yote mawili ni mambo ya wengi. Hapana. Katika Kiarabu, jumla lina mzizi wake wa jim, mim na lam. Jumuiya ni wa jim, mim na ain, mzizi wa kukusanya na kuunganisha, na nduguze ni jamaa, jamii na Ijumaa, siku ya watu kukutana. Waarabu wenyewe chuo kikuu hukiita jamia, kutoka mzizi huohuo! Basi grupu la mpwa wangu lina jumla, tena jumla kubwa, 212. Jumuiya halina.

Sisi wa Kampala tuna kisingizio kidogo. Kwa Kiganda, ekibiina ni darasa, na ekibiina hichohicho ni chama. Mtu aliyekulia katika lugha hiyo haoni kwa nini watu walioketi darasa moja wasiitwe jumuiya moja kwa moja.

Lakini hapo ndipo tofauti ilipo. Wazo hili la jumuiya ya kujifunza lilikulia Marekani, ambako mwanafunzi hujichagulia masomo kama mtu anayejipakulia kwenye bafe: aliyeketi naye asubuhi kwenye historia hamwoni tena mchana kwenye hesabu. Mwalimu na mwanafalsafa Alexander Meiklejohn alijaribu kuliponya hilo katika Chuo Kikuu cha Wisconsin kuanzia 1927. Wanafunzi wake walisoma Athene ya kale mwaka mzima, na mwaka wa pili wakaisoma Marekani yao wenyewe, walimu wote wakivuta kamba moja. Chuo chake cha majaribio kilifungwa 1932, lakini wazo halikuzikwa nacho.

Huku kwetu ugonjwa ni mwingine. Anayesomea ustawi wa jamii anakwenda na wenzake walewale somo hadi somo, tangu Agosti mpaka mitihani. Nusu ya kazi aliyohangaikia Meiklejohn tunaikuta imeshafanywa na ratiba. Nusu ya pili ndiyo hatuigusi. Mhadhiri wa saikolojia hajui mwenzake wa sosholojia ameagiza insha gani, na wote wawili wanaidai Ijumaa ileile. Mpwa wangu aliandika mbili usiku mmoja, zote kuhusu familia, na hakuna aliyemwonyesha kwamba zingeweza kuzungumza. Hapo panapokosekana mazungumzo ya walimu ndipo jumuiya inapokosekana, hata wanafunzi wawe wanapendana namna gani.

Sikumwambia yote haya, maana alikuwa na njaa na rolex yake, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, ilikuwa inapoa.

"Sasa tuliiteje, Mjomba?"

"Liiteni kikundi cha majadiliano. Ni kitu kizuri, na hakina aibu. Ila mpunguze watu, 212 hawajadiliani. Halafu insha ya pili, kabla hujaipeleka, mwonyeshe yule mwalimu wa ile ya kwanza."