Neva ya chini ya jicho: jino la juu halipofushi, na ganzi ya shavu isipuuzwe

"Ukingʼoa jino la juu, jicho litakufa." Kauli hii imewabakisha watu wengi nyumbani na jino bovu, wakisukutua maji ya chumvi na kumeza dawa za maumivu hadi shavu linavimba. Si kweli, na madhara yake ni makubwa kiasi kwamba inastahili kujibiwa kwa kina.

Chanzo cha hofu hiyo kinaeleweka, maana meno ya juu na jicho ni majirani na kuna neva, yaani mshipa wa fahamu, inayopita katikati yao. Ni neva ya chini ya jicho, tawi la neva ya tano ya fuvu, yaani ya tano kati ya zile zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo na kuitwa kwa namba. Huingia kwenye tundu la jicho kwa nyuma, ikalala sakafuni mwa tundu hilo ndani ya mfereji mwembamba wa mfupa. Sakafu hiyohiyo ndiyo dari ya sainasi, ule uwazi wenye hewa ulio ndani ya shavu. Ikiwa bado njiani, hutoa vitawi vinavyoshuka kwenye meno ya mbele ya juu na chonge. Kisha hutokeza usoni kupitia kitundu kilicho karibu milimita 6 hadi 10 chini ya ukingo wa mfupa wa jicho, na kusambaa kwenye kope ya chini, ubavu wa pua, shavu na mdomo wa juu. Tazama mbele, weka kidole kwenye ukingo wa mfupa chini ya mboni, kishushe kidogo, ubonyeze taratibu. Wengi husikia mahali panapouma kuliko pengine: ndipo inapotokea.

Kazi yake ni kuhisi tu: mguso, maumivu, joto na baridi. Kuona ni kazi ya neva ya pili, ambayo ina njia yake yenyewe nyuma kabisa ya mboni. Jino linapongʼolewa, kinachokatika ni kijitawi chembamba kwenye ncha ya mzizi; neva ya kuona haiguswi. Linaloweza kutokea, tena kwa nadra, ni dawa ya ganzi kupenya hadi kwenye tundu la jicho na mtu akaona vitu viwili viwili. Hali hiyo kwa kawaida huisha ndani ya saa chache, dawa inapoishiwa nguvu.

Kinachotishia jicho hasa ni usaha wa jino lililoachwa. Chonge ina mzizi mrefu, na jipu lake hupanda kando ya pua hadi chini ya jicho. Mishipa ya damu ya eneo hilo imeungana na ile ya tundu la jicho na ya ndani ya fuvu, na maambukizi yakiifuata yanaweza kuondoa uwezo wa kuona na hata uhai. Ukiona uvimbe unaofunga jicho pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Yaani yule anayekwepa kungʼoa ili alinde jicho lake ndiye anayeliweka hatarini.

Dhana nyingine ni kwamba uso ukifa ganzi, basi umepooza. Misuli ya uso inaendeshwa na neva ya saba. Mtu ambaye neva yake ya chini ya jicho imeumia bado anatabasamu, anafumba jicho na kupuliza mshumaa, ila hasikii mguso kwenye mdomo wa juu. Hata wasomi waliwahi kuchanganya mambo haya. Mwaka 1821 Charles Bell, mwanaanatomia Mskoti aliyekuwa London, aliikata neva hii kwa punda, akaona mnyama hachukui tena chakula kwa mdomo, akadhani ndiyo inayoendesha misuli ya mdomo. Herbert Mayo, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alionyesha kwamba mdomo haukupooza: punda hakuwa akikihisi chakula. Kwa mgonjwa tofauti hii ni muhimu. Mdomo uliopinda ghafla, hasa ukiambatana na mkono dhaifu au usemi mzito, unaweza kuwa kiharusi na hausubiri. Ganzi ya shavu baada ya kugongwa ni habari nyingine.

Na hapo ndipo penye dhana inayoniumiza zaidi: "Ganzi ya kugongwa itaisha yenyewe." Mtu ameanguka na bodaboda au amepigwa ngumi, jicho limevimba, baada ya siku chache uvimbe umeshuka na kila mtu ameridhika. Akiosha uso anahisi kama shavu si lake. Ganzi hiyo kwenye shavu, ubavu wa pua, mdomo wa juu na meno ya mbele inaweza kuwa ishara kwamba mfupa wa shavu au sakafu ya tundu la jicho imevunjika, kwa sababu neva imo ndani ya mfupa huo. Ikiwa imepondeka tu, hisia hurudi kwa wiki au miezi. Lakini mfupa uliokaa vibaya unahitaji kuonwa mapema. Kabla hujapimwa usipenge kamasi kwa nguvu, maana hewa ya sainasi inaweza kusukumwa hadi kwenye tundu la jicho. Mtoto aangaliwe kwa makini zaidi. Mfupa wake hupinda na kurudi, ukabana msuli wa jicho, huku kwa nje jicho likionekana jeupe na zima. Akitapika na kushindwa kutazama juu, hiyo ni dharura.

Wapo pia wanaoamini kila maumivu ya shavu ni jino. Sainasi iliyoambukizwa huleta maumivu kwenye meno ya juu yaliyo mazima kabisa. Tena kuna maumivu ya neva ya tano: yanapiga kama shoti ya umeme kwa sekunde chache, yakiamshwa na kunawa, kunyoa, kupiga mswaki au upepo tu. Wenye hali hii wamengʼolewa jino baada ya jino bila nafuu. Dawa inayotangulia kutumika ni kabamazepini, na wengine huikataa wakisikia ni ya kifafa. Inatuliza neva inayofyatuka ovyo, wala kuandikiwa dawa hiyo si kuambiwa una kifafa.

Mwisho, wazazi huogopa sindano ya ganzi karibu na jicho mtoto anaposhonwa mdomo wa juu. Tabibu huweka kidole kwenye ukingo wa mfupa ili kulilinda jicho, kisha huchoma karibu na kile kitundu, mara nyingi kwa kupitia ndani ya mdomo. Sindano moja hapo hutosha pahali pa kadhaa kwenye kidonda chenyewe, na mdomo hauvimbishwi na dawa, kwa hiyo mstari wake unaunganishwa sawasawa. Baada ya hapo mzuieni mtoto asile wala kujingʼata mdomo mpaka ganzi iishe.