Nyayo za moto, meno yanagongana: maswali kuhusu baridi wakati wa kujifungua kwa upasuaji

Nilijifungua kwa operesheni Dar es Salaam, mwezi Januari, na bado nilitetemeka. Ni kiyoyozi?

Kiyoyozi kinachangia, ila chanzo kikubwa ni ile sindano ya ganzi ya mgongoni. Ganzi hulegeza mishipa ya damu kuanzia kifuani kwenda chini. Damu ya moto iliyokuwa ndani ya mwili hukimbilia miguuni, na joto likapotelea kwenye ngozi. Ndiyo maana nesi akikugusa nyayo huzikuta za moto, huku meno yako yanagongana. Miguu iliyokufa ganzi haiwezi kutetemeka ili ijipashe, kwa hiyo kazi yote huachiwa mabega, mikono na taya.

Si hali ya kawaida tu?

Mara nyingi ni ya kawaida, na huisha yenyewe. Lakini huwezi kujua kwa macho, lazima kipimajoto. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 36, damu huchelewa kuganda na kidonda hupata maambukizi kwa urahisi. Kwa mama anayepoteza damu, hilo si dogo.

Manesi huzuiaje?

Kazi huanzia wodini. Joto hupimwa kabla ya kwenda thieta, na mama hufunikwa hata akiwa kwenye machela. Mezani huachwa wazi tumbo tu. Mabega na mikono hufunikwa. Dripu hupashwa hadi karibu nyuzi 37, maana lita moja tu ya maji yasiyopashwa hushusha joto la mwili kwa takriban robo ya nyuzi, na mama hupewa zaidi ya lita moja. Penye vifaa, kuna blanketi maalumu linalopulizwa hewa ya moto. Pasipo navyo, blanketi kavu na kiyoyozi kilichopunguzwa makali husaidia. Daktari ndani ya gauni na aproni atalalamika anatoka jasho. Avumilie: Shirika la Afya Duniani linataka chumba anachozaliwa mtoto kiwe nyuzi 25 hadi 28.

Naweza kuwekewa chupa ya maji ya moto miguuni?

Hapana. Miguu yenye ganzi haisikii. Utaungua, na utajua ganzi ikishaisha.

Na mtoto?

Hufutwa mara moja, nguo iliyolowa huondolewa, huvalishwa kofia, kisha mkiwa salama wote wawili hulazwa kifuani kwako ngozi kwa ngozi, mkafunikwa pamoja. Hata hapo hapo mezani inawezekana, ulizia mapema.

Nije na nini?

Khanga kavu zaidi ya mbili, blanketi, soksi zako, kofia ya mtoto. Shuka likilowa damu au maji, omba libadilishwe. Ukiona baridi sema, "Nesi, nasikia baridi," usijikaze. Na ukitetemeka ukiwa umesharudi nyumbani, tena na homa, hiyo siyo ganzi: rudi hospitali siku hiyo hiyo.