Elimu kwa umma: Matembezi kwenye mabonde ya vijito vya Gombe wakati wa masika

Mvua za Kigoma huanza kushika kasi Novemba na kuendelea hadi Aprili, mwaka mwingine hadi Mei. Ni miezi hiyohiyo ambayo vikundi vya matembezi kutoka mjini, Ujiji na Kasulu hupanga safari za mwisho wa mwaka kwenda Hifadhi ya Taifa ya Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, na ni miezi hiyohiyo malalamiko yanapoongezeka. Watu hutuambia: "Tumerudishwa katikati ya njia. Tumeambiwa tusivuke kijito ambacho hata mtoto anakiruka. Tumelipa, lakini maporomoko hatukuyaona." Malalamiko hayo sisi wa hifadhi tunayasikiliza, na najua wengi wanaoyatoa wanaipenda hifadhi hii kwa moyo. Ndiyo maana nataka yaeleweke vizuri kabla safari za msimu hazijaanza.

Nianze na jambo linalotuchukulia muda mwingi kuliko linavyostahili. Milima ya Gombe si volkano. Haijawahi kulipuka na hailipuki. Kila Nyiragongo, volkano iliyo karibu na Goma nchini Kongo, inapotoa moto, kama ilivyokuwa Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021, ndugu zetu wenye jamaa Goma na Bukavu huja na maswali yaleyale: je, na huku? Je, chemchemi za maji ya chumvi kule Uvinza si dalili? Je, tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005, lile la ukubwa wa 6.8, halikuwa mlima unaamka? Hapana kwa yote matatu. Milima hii ni ukuta wa Bonde la Ufa. Ardhi ilipasuka, upande mmoja ukazama na kuwa Ziwa Tanganyika lenye kina cha mita 1,470, upande mwingine ukabaki juu. Mpasuko huo bado unajongea, na ndio unaoleta matetemeko. Miamba yenyewe ni ya kale mno kuliko ziwa. Anayetaka kutembea kwenye nchi ya volkano hana haja ya kuvuka mpaka: aende Rungwe na Ngozi kule Mbeya, au Ol Doinyo Lengai na korongo la Ngare Sero karibu na Ziwa Natron.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu lina madhara. Mtu akishaamini kwamba hatari ya mlima ni moto, na akaambiwa hapa hakuna moto, anaona hakuna hatari. Hata kwenye nchi ya volkano yenyewe, mtu anayetembea korongoni huuawa zaidi na maji kuliko moto. Hell's Gate, kule Naivasha nchini Kenya, ni eneo la volkano lenye mvuke unaofuka ardhini na korongo jembamba lililochimbwa na maji kwenye majivu na mawe laini. Aprili 2012 kikundi cha vijana wa kanisa kilikuwa ndani ya korongo hilo maji yaliposhuka ghafla, na vijana saba wakafa. Septemba 2019 yakashuka tena, watu wengine saba wakapoteza maisha, na korongo likafungwa. Hapa kwetu Tanzania, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka mlima Hanang viliufunika mji wa Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Hanang ni volkano iliyokwisha kuzimika. Serikali ililazimika kutoka hadharani kusema kwamba mlima haukulipuka: mwamba uliolainika ulinyonya maji ya mvua hadi ukamomonyoka. Majivu na mawe ya volkano yakichakaa huwa mepesi kubebwa, na hilo ndilo linalofanya makorongo ya nchi hizo kuwa ya hatari ya pekee.

Gombe hatuna majivu. Tuna mwinuko. Ufukwe wa ziwa uko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa juu wa hifadhi unapita mita 1,500. Umbali kati ya sehemu hizo mbili, ukiupima kwa ramani, ni kilomita mbili hadi tatu na kidogo. Maana yake ni kwamba maji yanashuka zaidi ya mita 700 kwenye safari fupi kuliko ile ya kutoka stesheni ya reli hadi Ujiji. Kijito cha namna hiyo hakina mahali pa kupumzisha maji. Mvua ikipiga kwenye ukingo huo wa juu, maji hayakawii kufika kwenye jiwe ulilosimama, na mara nyingi wewe uliye chini bado una jua kichwani na ziwa limetulia mbele yako.

Ndiyo sababu jibu la "lakini huku hakunyeshi" halimsaidii mtu. Mwongozaji haangalii huku. Anaangalia juu.

Tuchukue bonde la Kakombe, ambako wengi mnataka kufika kwa sababu ya maporomoko yake ya mita 25 hivi. Njia inafuata kijito na kukivuka. Wakati wa kiangazi maji ni maangavu, unaona changarawe chini, na mawe ya kukanyaga yako wazi. Sasa mtazame mwongozaji anapofika hapo mwezi Januari. Hakanyagi jiwe moja kwa moja. Anasimama na kuangalia rangi kwanza, kwa sababu maji yakianza kuwa ya chai ilhali bondeni hakujanyesha, kuna kitu kimeanza juu. Anaangalia kinachoelea: majani makavu yanayokuja machache machache ni ya kawaida, lakini majani mabichi na vijiti vinavyokuja kwa wingi vimetolewa kwenye kingo sasa hivi. Anachagua jiwe moja lililo nusu ndani ya maji na kulikumbuka. Kama mnapopumzika jiwe hilo linazama, hamvuki tena, mnapanda ukingoni. Na anasikiliza. Kijito kinachojaa hubadilisha sauti, huacha kuchuruzika kikaanza kunguruma kwa chini, na ukiwa karibu unasikia mawe yakigongana ndani ya maji. Ukifikia kusikia mawe, muda wa kujadiliana umekwisha: acheni mizigo, pandeni pembeni, juu ya alama ya takataka za mafuriko yaliyopita. Msikimbie kufuata njia kuelekea ziwani. Maji yanafuata njia hiyohiyo.

Wapo wanaotujibu kwamba wamezaliwa Mwamgongo au Mtanga, vijiji vinavyopakana na hifadhi, na wanavijua vijito hivi tangu utotoni. Nawaamini. Lakini kijito unachokijua cha kijijini kwako, ambacho miteremko yake imelimwa hadi juu, hakifanani na hiki. Mteremko uliovuliwa miti unamwaga maji kama bati, na tope lake unaliona mapema. Ndani ya hifadhi msitu unashikilia maji kwa muda, kisha yanakuja yakiwa na magogo. Na kwa kuwa tumegusa vijiji: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au chanzo cha maji. Mita 60, si hatua sita. Shamba la muhogo lililoshuka hadi kwenye kijito linavunja sheria hata kama babu ndiye aliyelianzisha.

Sasa utaratibu. Kuingia Gombe ni kwa kibali, na kibali hupatikana kwa malipo ya kielektroniki. Fedha taslimu hazipokelewi, wala usimpe mtu mkononi, awe amevaa sare au hajavaa. Ukishatoa taarifa za safari yako utapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi mnaiita kontroo namba. Namba hiyo ni ya malipo hayo tu na ina mwisho wake. Ikipita muda unaomba nyingine, hulazimishi ile ya zamani. Unalipa benki, kwa wakala au kwa simu, kisha unahakikisha kiasi kilichosomeka kwenye risiti ndicho kilichotajwa. Kikundi kinaweza kulipiwa pamoja, lakini majina yote lazima yawepo, kwa sababu mtu asiye kwenye orodha hahesabiki kuwa ameingia, na asiyehesabika hatafutwi akipotea. Raia wa Tanzania hulipa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini kuliko mgeni, ila lazima uonyeshe kitambulisho. Kusema Kiha kwa ufasaha hakutoshi kuwa ushahidi wa uraia, na askari anayekuomba kitambulisho hakudharau.

Ada ya kuingia ni ya kuingia. Haihusishi boti, haihusishi malazi, na mwongozaji hulipiwa peke yake. Haijawahi kuwa ada ya kufika kwenye maporomoko. Mwongozaji akiamua kwamba leo Kakombe haipitiki, uamuzi huo ni sehemu ya huduma uliyoilipia. Mara nyingi kuna njia nyingine ya kuwapeleka, ya miinuko badala ya mabonde, na atawaambia. Anayemshawishi mwongozaji kwa maneno au kwa noti ili avushe kikundi anamweka mtu huyo kwenye hatari ya kupoteza kazi, na kikundi kizima kwenye hatari kubwa zaidi.

Kuhusu wanaoshushwa na boti ufukweni bila kibali, naomba nieleweke. Mipaka ya hifadhi inajulikana, na ufukwe wa Gombe ni hifadhi. Kuingia bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, na adhabu yake ni faini, kifungo au vyote viwili, kadiri mahakama itakavyoona. Kukata mti, kuwasha moto, kuingia na mbwa, kutega au kuondoa kitu chochote, hata jiwe la kumbukumbu, ni makosa yanayojitegemea. Mtu mmoja kwa siku moja anaweza kushtakiwa kwa zaidi ya moja. Mwenye boti aliyewashusha akijua hawana kibali naye hayuko salama, kwa sababu kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu anayesaidia kosa kuwa mkosaji. Kifungu cha 8 kinasema kutojua sheria si utetezi. Hatufurahii kumpeleka kijana mahakamani kwa sababu alitaka kupiga picha, lakini jalada likishafunguliwa halifungwi kwa kuomba radhi.

Kutembea bila mwongozaji ni suala linaloonekana dogo, na watu hulichukulia kama njia ya kuwatafutia waongozaji riziki. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti kijana aliyekuwa akifuata sokwe hapa Gombe peke yake alianguka kwenye jabali na kufariki. Baada ya hapo watafiti hawakuachwa tena kutembea peke yao. Wale walikuwa watu wanaoishi msituni, na kazi ya utafiti ilikuwa ikiendelea tangu Jane Goodall alipofika Julai 1960. Kama wao walihitaji mtu wa kuambatana naye, mgeni wa siku moja anahitaji zaidi. Nyasi ndefu na majani hufunika ukingo wa jabali, na mawe ya karibu na maporomoko yana ukungu wa kijani unaoteleza hata kwa kiatu kizuri.

Sokwe mnajua masharti yao, sitayarudia yote: umbali wa mita 10 kutoka kwao, barakoa, na mwenye mafua au kikohozi abaki. Hilo la mafua ndilo linalokasirisha watu waliosafiri kutoka mbali, nami nawaelewa. Lakini mwaka 1966 ugonjwa unaofanana na polio uliingia kwa sokwe wa Gombe, wengine wakafa na wengine wakapooza, na magonjwa ya kifua yamewaua mara kadhaa tangu wakati huo. Hifadhi nzima ina sokwe karibu mia moja tu. Mtu mmoja anayekohoa bondeni ni tishio kwa ukoo mzima.

Kwa viongozi wa vikundi, jambo la mwisho ni boti. Abiria wengi wanaanzia Kibirizi, ufukwe wa boti ulio karibu na mji wa Kigoma. Panda chombo kilichokaguliwa, kila mtu avae boya tangu kuondoka wala si wimbi linapoanza, na mpange kurudi mapema kwa sababu upepo wa mchana huchafua ziwa. Fuatilieni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa siku moja kabla. Orodha ya majina iachwe kwa mtu aliyebaki nyumbani pamoja na saa mnayotarajia kurudi, kwa kuwa mtandao wa simu ndani ya mabonde hauaminiki. Na kama usiku kumenyesha, kiongozi apige simu hifadhini asubuhi kabla watu hawajapanda boti, aulize mabonde gani yanapitika. Kubadilisha mpango mkiwa bado Kibirizi hakumgharimu mtu chochote.