Mbwa anayevuta kamba: hatamu ya kichwa na namna ya kuitumia

Mbwa wengi wa ulinzi mijini kwetu hushinda bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku, tena ndani ya geti. Siku akitolewa kutembezwa, anamburuta aliyemshika kuanzia getini hadi barabara kuu, na mwenye mbwa anakuja kliniki kutuambia kwamba mbwa wake ni mkaidi. Mara nyingi si ukaidi. Mbwa anavuta kwa sababu kuvuta kunamfikisha anakotaka: akikaza, mtu anamfuata, na nguzo aliyotaka kuinusa anaifikia.

Wengi hukimbilia mnyororo wa kumkaba shingo. Hatuushauri hata kidogo. Mkanda wa kawaida wa shingoni nao una madhara kwa mbwa anayevuta kwa nguvu, maana hubana koo na kumfanya akohoe. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 ulionyesha kuwa presha ya ndani ya jicho hupanda mbwa anapovuta kwa mkanda wa shingoni, lakini haikupanda kwa mkanda wa kifuani. Kwa mbwa mwenye glakoma, yaani ugonjwa wa presha ya jicho, hilo si jambo la kupuuza.

Hatamu ya kichwa ina vitanzi viwili vyembamba. Kimoja hukaa juu kabisa ya shingo, nyuma ya masikio. Kingine huzunguka pua, na kamba hufungwa chini ya kidevu. Ni wazo lile lile la hatamu ya punda: kichwa kikigeuka, mwili hufuata. Miaka ya 1980 aina mbili zilipata umaarufu, Halti ya Roger Mugford huko Uingereza, na ile ya daktari wa mifugo R. K. Anderson na mkufunzi Ruth Foster huko Marekani. Mbwa anapovuta kwa kifua anatumia nguvu za mwili mzima, ndiyo maana mzee au mtu mwenye mgongo mbovu hamuwezi. Akivuta akiwa na hatamu, pua yake inarudi upande wa aliyemshika, na nguvu zile zinakosa pa kwenda.

Majirani hudhani mbwa huyo amefungwa mdomo. Hajafungwa. Anafungua kinywa, anakunywa maji, anakula, na ole wenu mkisahau, anaweza kung'ata. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, kufungua kinywa ni lazima, kwani mbwa hupoza mwili wake kwa kuhema. Basi asiyeaminika mbele za watu anahitaji kizuizi halisi cha mdomo, kile cha kikapu kinachomwachia nafasi ya kuhema.

Hatamu nyingi huishia kabatini kwa sababu mbwa alivalishwa ghafla na kutolewa nje siku hiyo hiyo. Akajigaragaza, akajikwangua pua kwa kucha, mwenyewe akakata tamaa. Anzeni ndani ya nyumba. Shika kitanzi cha pua kikiwa wazi, na upande wa pili weka kipande cha ini lililochemshwa, ili mbwa aingize pua mwenyewe kulifuata. Akila, mwachie atoe pua. Usifunge chochote bado. Rudia mpaka ukishika hatamu tu yeye anakuja mbio. Hapo ndipo ufunge kwa muda mfupi huku akiendelea kula, na kamba ije baadaye. Mbwa mmoja huzoea kwa siku chache, mwingine anataka wiki kadhaa. Msimharakishe.

Mkanda wa nyuma ya masikio ubane kiasi cha kidole kimoja kupita chini yake. Wa pua ulegee kidogo: uteleze hadi karibu na ncha ya pua bila kuvuka, na usipande hadi machoni. Kila mkivua, tazameni mgongo wa pua. Manyoya yakianza kulika, hatamu inambana au mbwa bado anavuta nayo, na yote mawili yanataka kurekebishwa.

Hatari kubwa iko mkononi mwa mtu. Mkanda huu umeshika kichwa, kwa hiyo kuukwanyua ni kuinyonga shingo upande. Msitumie kamba ndefu inayojikunja yenyewe kwenye kasha, maana mbwa akitimka anakutana na mwisho wa kamba ghafla. Msimfungie mbwa mtini kwa hatamu, wala kumwacha nayo bandani. Kwa kuwa baadhi ya mbwa huivua, iungeni na mkanda wa shingoni kwa kamba fupi ya akiba. Mbwa wa pua fupi kama pagi na buldogi haiwafai, hawana pa kuishikiza. Na mwenye maumivu ya shingo apimwe kwanza na daktari wa mifugo.

Kusema kweli, kwa nyumba nyingi mimi huanza na mkanda wa kifuani ambao kamba yake hufungwa mbele, kwa kuwa ukikosea hauumizi sana. Hatamu naiweka kwa mbwa mzito na mshikaji asiye na nguvu. Ila vyote viwili havifundishi kitu vyenyewe. Kamba ikikaza, simama. Ikilegea, tembea, na mpe kipande cha ini akiwa ubavuni mwako. Na kama anayemtembeza alfajiri ni mlinzi au kijana wa kazi, basi yeye ndiye aje kliniki na mbwa, si mwenye nyumba.